Picha 42 kwenda tamasha Bagamoyo, 5 ndo zikauzika: kisa cha mdogo wangu na tulivyojipanga upya

Alhamisi jioni tumeshafika Bagamoyo, banda tumeshaonyeshwa, mdogo wangu akafungua lile roli lake la picha, kazikunja zote pamoja furushi moja nene kama mkeka wa msibani, anavuta ya kwanza inatoka, ya pili inatoka, kufika katikati nikasikia mlio krrrr kama mtu anabandua plasta kwenye ngozi. Akasimama kimya. Akaniangalia, "Dada, zimegandana." Nikamwambia vuta taratibu basi, akavuta taratibu, pundamilia akatoka na nusu ya mbuyu wa picha ya chini yake, na mbuyu ukabaki na mistari ya pundamilia juu ya shina. Tukaendelea kubandua moja moja mpaka giza likaingia. Picha 11 alizochora wiki ya mwisho zote zilikuwa katikati ya furushi, 9 zikaharibika kabisa.

Naandika hiki kisa kwa urefu kwa sababu wachoraji wengi ninaowaona wanajiandaa kwenda tamasha vilevile kama alivyojiandaa yeye, na mimi nilikuwepo mwaka ule wa hasara na mwaka uliofuata pia, daftari la hesabu ninalo mimi. Mimi sio mchoraji. Nashona na kuuza mikoba ya vitenge, nimekaa kwenye mabanda ya maonyesho miaka mingi, jua langu mvua yangu, ndo maana akaniomba niende naye. Ila aliniomba zimebaki siku tatu, na siku tatu kabla ya safari kazi iliyobaki ni kubeba tu.

Yeye anachora Tingatinga. Kwa asiyejua vizuri, huu uchoraji umebeba jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, aliyeanza kuchora Dar mwaka 1968 kwenye hadibodi za kawaida za ujenzi kwa rangi za mafuta zile za kung'aa, za kupakia baiskeli, akawa anauzia Oysterbay kule Morogoro Stores, na mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kushika brashi. Ndugu na wanafunzi wake ndo wakaibeba, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao rasmi. Naisema hii historia kwa sababu ile rangi ndo kiini cha mkasa wetu wa Alhamisi. Rangi ya mafuta ina raha yake, inang'aa yenyewe bila kioo, vumbi unafuta kwa kitambaa, lakini inakauka mara mbili. Mara ya kwanza ni tapentaini inapopaa, ukigusa kesho yake unaona kavu, kidole kinatoka safi, unaridhika. Mara ya pili ni rangi yenyewe kukomaa kwa kuvuta hewa, hiyo inachukua siku nyingi, na hewa yetu ya pwani yenye unyevu inazidi kuichelewesha. Sasa ukiikunja hapo katikati, uso kwa uso na mwenzake, ukaipa joto la buti la basi na uzito wa furushi juu yake, inashikana. Marehemu alichora kwenye ubao mgumu, hauna habari ya kukunjwa. Kitambaa kimeshika kasi baadaye kwa sababu wageni wanataka kitu cha kukunja na kutia begini, kwa hiyo hili tatizo limeletwa na soko, na anayelifuata soko inabidi ajue rangi yake inataka nini.

Na mdogo wangu alikuwa anajua. Hilo ndo liliniuma. Nilipomuuliza akasema "najua dada, ila nilitaka ziwe nyingi". Kwake kujiandaa ilikuwa maana yake kuchora nyingi. Miezi miwili mzima alikuwa anachora mpaka saa 8 usiku, mkewe analalamika harufu ya tapentaini imeingia mpaka kwenye mchele, wiki ya mwisho ndo akaongeza mwendo kabisa. Akafika na 42: 30 za kitambaa za futi mbili kwa mbili, na 12 kubwa za hadibodi, futi tatu kwa mbili, zenye fremu nzito za mbao. Zile fremu nazo zina hadithi, alimpa fundi mmoja kazi, akalipa nusu mapema, fundi akamzungusha kila siku njoo kesho, njoo kesho, akazitoa usiku wa kuamkia safari na vanishi bado inanata. Kwenye basi zikapangwa chini ya magunia, nne zikafika zimemeguka kona.

Ijumaa tukafungua na zile 33 zilizosalia. Tamasha la Bagamoyo linafanyika kwenye viwanja vya TaSUBa, ile taasisi ya sanaa ambayo wengi bado tunaiita chuo cha sanaa, kilianza 1981, pale bahari unaisikia. Asubuhi walikuja wanafunzi wa shule na sare zao, wakajaa bandani, wanaangalia, wanacheka na twiga, wanauliza maswali mazuri kweli, halafu wana mia tano mfukoni. Mchana jua kali, watu wachache. Jioni upepo ukaanza kutoka baharini, picha zikawa zinapiga ukuta wa banda kama milango, moja ikaanguka kifudifudi kwenye mchanga. Usiku ndo watu wakaja wengi, ngoma zimepamba moto, kwenye mapumziko wanazunguka mabandani, na sisi tuna balbu moja ya njano ambayo chini yake nyekundu yote inageuka kahawia. Picha za Tingatinga bila nyekundu yake zinabaki nini.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa makamo anauza mikeka na vikapu vya ukili. Hakuwa na vitu vingi, hakuwa anaita watu. Lakini kila baada ya muda namwona anafunga kitu. Jumamosi nikahamisha kigoda changu nikakaa pembeni yake, nikamwamkia, tukapiga stori, na macho yangu yakawa kwenye mikono ya wateja wake. Mtu akija ana mkoba tu, mama anamwonyesha vikapu vidogo vya kuwekea funguo na hereni. Akija mtu na gari, unajua tu, funguo zinaning'inia kidoleni, mama anakunjua mkeka mkubwa. Akija na mtoto, kikapu cha mtoto kipo chenye rangi. Nilimuuliza, mama, unafanya makusudi? Akasema, "Mwanangu, mtu haninunulii mimi, ananunua cha kubeba."

Hilo neno nililiona kwa macho saa moja baadaye kwenye banda letu wenyewe. Wakaja watu wawili, mke na mume, nadhani walimu kwa namna walivyokuwa wanaongea, wakasimama mbele ya picha moja ya fremu, tembo watatu chini ya mlima. Wakasimama sana. Mama yule akasogea akagusa fremu kwa kidole kimoja, akaigeuza kuangalia nyuma, nyuma peupe hamna kitu. Akauliza "hii ni nini?" Mdogo wangu akajibu, "Tingatinga tu hiyo, tembo." Akauliza bei, akaambiwa laki mbili na nusu. Hakushtuka na bei, mimi nilikuwa namwangalia usoni, hakushtuka. Akaishika kwa mikono miwili akaipima uzito, akamwangalia mumewe, mumewe akaangalia nje kule bodaboda zilipo, akaangalia tena picha. Akairudisha ukutani polepole sana, akainyoosha ikae sawa. "Tutapita tena." Hawakupita. Ile picha walikuwa wameshaipenda kabisa, kilichoikataa ni safari ya kurudi nyumbani, na sisi hatukuwa na kitu kingine kidogo cha kumpa mkononi yule mama.

Jumapili mdogo wangu akaanza kuogopa kurudi na mzigo, akaanza kushusha. Aliyetajiwa laki na ishirini anaishia sitini, mwingine hamsini. Akauza tano: tatu kwa 60,000 na mbili kwa 50,000. Zote za kitambaa, za fremu haikutoka hata moja. Usiku ule akahesabu 280,000 na akanunua samaki wa kukaanga kwa furaha, mimi nikanyamaza mpaka tukafika Dar. Nyumbani nikamwambia kaa chini tupige hesabu, ikawa hivi. Banda, nauli, chumba, chakula na vingine vidogo vidogo, 235,000. Kitambaa, mbao, rangi na tapentaini kwa picha moja ya futi mbili, 18,000, kwa hiyo tano zilizouzwa zimekula 90,000. Hapo tayari amepungukiwa 45,000. Weka tisa zilizogandana, 162,000. Jumla hasara 207,000, na hapo hatujagusa fremu za yule fundi, wala hatujaulipa mkono wake hata shilingi. Alinyamaza muda mrefu, afu akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa nawalipa wao wachukue picha zangu?"

Ndio. Na hii sehemu naomba mchoraji yeyote aisome polepole. Nilimuuliza picha ya futi mbili inakuchukua muda gani, akasema siku mbili ukijumlisha. Siku yako moja unaitaka iwe shilingi ngapi? Akasema 20,000, fundi ujenzi wa kawaida hashuki hapo. Haya, 18,000 ya vifaa, 40,000 ya siku mbili, na safari ya 235,000 ukiigawa kwa picha kumi unazotegemea kuuza ni 23,500 kila moja. Jumla 81,500. Hiyo ndo sakafu. Chini ya hapo unamgawia mtu pesa yako. Yeye alikuwa anaanzia laki na ishirini kwa kuangalia bei ya jirani na kushuka kwa kuangalia uso wa mteja, hajui sakafu iko wapi, ndo maana alishuka mpaka akaitoboa. Mtu asiyejua sakafu yake hawezi kupatana bei, anapangiwa tu.

Mwaka uliofuata tukaanza kujipanga miezi mitatu kabla, na tukaanza kinyume kabisa na alivyozoea. Nilimwambia usishike brashi kwanza. Tukae tuandike nani anakuja Bagamoyo na anarudi na nini. Kuna wa Dar waliokuja na magari yao wikiendi, kilomita sabini hivi, hao wanaweza kubeba kubwa. Kuna wanaorudi na basi za Makumbusho, wamebanana, hao wanabeba cha mkononi. Kuna wageni wenye mabegi ya ndege. Kuna wenyeji na watoto wao. Kuna wanafunzi, hao tuliamua hatuwauzii, tunawaeleza vizuri tu, maana kesho ndo wateja na wengine wao watakuwa wachoraji.

Kutokea hapo vipimo vikajileta vyenyewe. Shiti ya hadibodi ni futi nne kwa nane, inatoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili. Kipande kimoja kati ya hivyo ukikikata kwa nusu futi, sentimita kumi na tano kwa kumi na tano, unapata 16. Kinaingia kwenye mkoba wa mama, kwenye begi la mgongoni, na kwa sababu ni ubao hakikunjwi, hakigandi. Tukapanga 40 za nusu futi, 20 za futi moja, na 12 tu za futi mbili za kitambaa. Za fremu hamna kabisa. Muda nao tukaupigia hesabu, za nusu futi anaweza kutoa tano kwa siku kwa sababu anazipanga mezani na kupaka rangi moja zote kabla ya kwenda rangi nyingine, hizo siku 8. Za futi moja nusu siku kila moja, siku 10. Kubwa siku mbili mbili, siku 24. Jumla siku 42, siku sita kwa wiki, wiki saba. Baada ya hapo siku 21 za kukausha bila kugusa chochote. Hiyo tarehe ya kuacha brashi niliizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya jikoni, mkewe akawa ndo askari wake, na alikuwa mkali kuliko mimi.

Kukausha kwenyewe alizianika chumba cha nyuma, zimesimama kwenye uzi, hazigusani, dirisha wazi mchana na linafungwa jioni unyevu ukianza kupanda. Kipimo chake cha ukavu ni pua, anaweka uso karibu na picha, akisikia hata harufu kidogo ya rangi anairudisha. Halafu ndo kukunja. Za kitambaa alikuwa siku zote anakunja rangi ikiwa ndani akidhani anailinda, kumbe rangi ikikaa ndani inabanwa na kujikunja, inatakiwa iwe nje, uso ukiangalia nje, na roli liwe pana. Kati ya picha na picha tukaweka karatasi ya kuokea keki, ile isiyoshika, sio gazeti maana gazeti linaacha herufi zake juu ya rangi. Tukanunua bomba la plastiki la inchi nne, mita sita, linatoa vipande vinane vya sentimita sabini na kinabaki kipande kidogo, picha ya futi mbili inaingia vizuri. Anayenunua kubwa anaondoka nayo ndani ya bomba na kamba ya kuvaa begani. Nakumbuka mteja wa kwanza alivyolivaa, akatembea tamasha zima nalo, na watu wawili wakaja kuuliza "lile bomba mnauza nyinyi?"

Tukalijenga banda uani nyumbani wiki mbili kabla. Kamba za nguo, miti, kitambaa cheusi cha nyuma, upana uleule tulioupima mwaka wa kwanza. Niliona ni muhimu kuliko yote na yeye aliona ni mchezo wa watoto, mpaka alipotundika picha zote 72 na banda likawa linaonekana kama duka la mitumba, jicho halijui litue wapi. Tukaanza kutoa. Zikabaki kubwa nne tu ukutani, nyingine zinasubiri kwenye mabomba, za futi moja mstari mmoja usawa wa macho, na ndogo zote mezani mbele, zimelala, mtu azishike. Kushika ni nusu ya kununua, kwenye mikoba nimeliona hilo siku zote. Kwa ajili ya upepo tukaenda na madumu mawili ya lita 20, matupu ni mepesi kubeba, ukifika unajaza maji na kila moja lina kilo 20, unafunga nguzo za banda hapo, na picha tunazifunga kona zote nne badala ya juu peke yake. Misumari tuliiacha, chumvi ya bahari inaishikisha kutu na kutu inadondokea picha, tukatumia uzi wa nailoni. Taa nyeupe mbili za kuchaji. Nyekundu ikarudi kuwa nyekundu.

Mambo ya makaratasi napita haraka, kujisajili BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, afanye kila msanii mapema, na maombi ya banda yatumwe siku milango inapofunguliwa. Malipo ya simu tukachapa lipa namba kubwa inayosomeka kwa mbali, na nikaenda na chenji ya elfu tano tano za kutosha. Bei zote kwa shilingi, zimeandikwa, na siku hizi sio suala la kupenda, kanuni zilizoanza mwishoni mwa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kupokea malipo kwa fedha za kigeni hapa ndani.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko mabomba yote, nacho ni kumfundisha kujibu "hii ni nini". Mwaka wa kwanza mabanda matatu yalikuwa na pundamilia kama wake, mti uleule, jua lilelile. Mteja akishaona wa kwanza, kwa wa pili anauliza bei tu. Nikamuuliza, wewe mwenyewe umeona nini ambacho hawa hawajaona? Akakaa kimya afu akaanza kuniambia kuhusu mnada wa samaki pale ufukweni Bagamoyo, aliuona ile Ijumaa asubuhi kabla hatujafungua, jamaa anayenadi kasimama juu ya ndoo, akina mama wamejifunga kanga wanatupa bei kwa nyusi tu, pweza anateleza kwenye beseni, paka wanangoja pembeni kwa mpangilio kama foleni ya benki. Alikuwa anasimulia mikono ikichora hewani. Nikamwambia chora hiyo. Akasema hiyo sio Tingatinga. Tukabishana. Mimi naona Tingatinga ni rangi ile, ni mkono ule, ni kila kitu kujaa mpaka ukingoni, na wachoraji wakubwa wa huo uchoraji wamechora hospitali, harusi, mashetani, soko, hamna aliyewafungia kwenye mbuga. Akachora minada mitatu. Nyuma ya kila picha, hata zile ndogo, akaandika kwa kalamu isiyofutika jina lake, mwaka, jina la picha, "rangi ya mafuta kwenye hadibodi" au "kwenye kitambaa", na namba ya simu. Yule mama mwalimu wa mwaka jana aligeuza picha akakuta peupe, sikutaka kuona tena nyuma ya picha peupe hivyo.

Tamasha likaja. Siwezi kusema yote yalitokana na sisi, mwaka ule wikiendi ilijaa watu zaidi, na banda letu lilikuwa karibu na njia. Lakini nilikaa na daftari siku zote nne. Za nusu futi zilitoka 29 kwa 15,000, ambayo ni 435,000. Za futi moja 9 kwa 40,000, hizo 360,000. Za futi mbili 3 kwa 130,000, hizo 390,000. Jumla 1,185,000. Safari na banda safari hii 310,000 kwa sababu ya taa na mabomba, vifaa vya zilizouzwa 180,500. Ikabaki 694,500. Gawa kwa zile siku 42, ni kama 16,500 kwa siku, bado haijafika 20,000 aliyoitaja, na hilo nimemwambia wazi. Ila ana picha 31 zilizobaki, kavu, nzima, zimeandikwa nyuma, hizo ni mali.

Na kuna mahali nilikosea mimi. Niliamini mnada ndo utauzika kwa udogo, nikamsukuma achore ndogo kumi za pweza na paka. Zikatoka mbili. Ndogo zilizoisha ni zile za twiga na kanga na samaki mmoja mmoja, wazazi wananunulia watoto, mtoto anataka mnyama anayemjua. Minada mikubwa yote mitatu ikatoka, na kila mmoja aliyenunua alisimama muda mrefu, anatafuta vitu ndani, anamwita mwenzake, "njoo uone huyu paka". Bibi mmoja mwenyeji, shemeji yake ni mvuvi, alimnyooshea kidole mama mmoja ndani ya picha akasema huyu namjua. Mdogo wangu akacheka akamwamkia, "Shikamoo bibi, na mimi ndo nilimwona hapohapo." Hawakupatana bei hata kidogo, alikuja kuangalia tu, akarudi jioni na mwanawe mwenye gari.

Sasa hivi tuna ubishi mpya. Yeye amechoka na nusu futi, anasema siku nane za kupanga vidude mezani zinamkausha mkono, anataka kuchora minada kumi, na mahakama, na kituo cha daladala saa 12 jioni mvua ikinyesha. Mimi nataka ndogo zibaki kwa sababu ndo zinalipa banda kabla Jumamosi haijaisha. Tumekubaliana ndogo 25, zote wanyama, na amemchukua kijana wa jirani kumwandalia hadibodi, kukata, kupiga msasa na kupaka mkono wa kwanza, anamlipa na anamfundisha. Jana nilipita nikakuta vipande vimepangwa uani vinakauka, vyeupe, na kwenye kalenda ya jikoni wifi ameshachora duara jekundu, safari hii ameliweka wiki moja nyuma zaidi ya langu.